Mrejesho: Wanafunzi wa udaktari na mbinu shirikishi vijijini

Awali niliomba ushauri kuhusu namna ya kuwaandaa wanafunzi wa udaktari wabaini matatizo ya afya pamoja na wanavijiji, badala ya kwenda na dodoso lililokwisha kuandikwa chuoni. Nawashukuru mlioshauri tuanze na ramani ya kijiji.

Wanafunzi waliwakabidhi wenyeji vijiti, mawe na majivu ili wachore ramani hiyo ardhini, kisha wanafunzi wakatakiwa kunyamaza, jambo lililowawia gumu kuliko yote, kwa kuwa aliyezoea kusifiwa kwa kujibu haraka huona kusikiliza ni kupoteza muda. Wanawake walichora kando na wanaume. Ramani ya wanaume ilionyesha barabara na zahanati. Ya wanawake ilionyesha pia kijito ambacho, kikifurika, huwakatia wajawazito njia ya kwenda kujifungua.

Kalenda ya majira, yaani mchoro wa wenyeji wa mambo yanayotokea kila msimu wa mwaka, nayo ilidhihirisha kwamba malaria huongezeka baada ya mvua, wakati uleule ambapo akiba ya chakula na fedha imepungua, na ndiyo maana wagonjwa huchelewa kufika zahanati, ucheleweshaji ambao wanafunzi walikuwa wakiuita uzembe. Zoezi la kupanga vipaumbele kwa kokoto, ambapo wenyeji huweka kokoto nyingi zaidi kwenye tatizo wanaloliona kubwa zaidi, lilikwenda vizuri.

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, tamko la kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, linatamka kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Hata hivyo, mtihani wetu bado unapima takwimu tu; nimependekeza mwanafunzi apimwe pia kwa jinsi alivyowarudishia wenyeji matokeo.