Ndege wahamiaji wanaondoka Machi hii, nawafuatiliaje kwenye bwawa la karibu?

Kando_ya_Bwawa:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kwa wanaopenda mambo ya ndege. Karibu na ninapoishi kuna bwawa dogo, pembeni majani, vichaka vya miiba na waya za umeme zimepita juu, huwa napita pale asubuhi na tangu Machi imeanza naona mambo yanabadilika. Mbayuwayu wamejaa kwenye waya kuliko kawaida, wale tikisa mkia wa njano ambao Desemba walikuwa wamefifia fifia sasa hivi wamekolea balaa, halafu kuna kandege kadogo ka kijani kijani kwenye miiba hakatulii kabisa. Najua wanajiandaa kurudi kaskazini kuzaliana. Darubini ninayo, 8x42, ila sijui niende saa ngapi, niandike nini, na huyo mdogo nimtambueje. Na je kuna maana ya kukomaa na kibwawa kimoja au bora nijipange niende hifadhini tu?

Kitwitwi:
Mkuu baki hapo hapo bwawani. Hifadhini utaona ndege wengi kwa siku moja lakini hutajua nani kafika jana na nani kaondoka leo, hiyo unaipata sehemu unayoizoea tu. Watu wanapenda kuandika tarehe ya kwanza kumuona ndege, ila kwetu huku Machi na Aprili tarehe ya thamani ni ya MWISHO, na hiyo siku yenyewe huijui, unakuja kuijua baadaye ukiona hajatokea tena. Ndo maana lazima uandike kila ukienda hata kama hakuna jipya: tarehe, saa uliyoingia na kutoka, mvua au jua, na idadi ya kila aina. Mbayuwayu usiandike "wengi", hesabu kumi uone wanachukua urefu gani wa waya, kisha pima waya wote kwa kipande hicho. Asiyekuwepo muandikie sifuri.

Muda ni kuanzia jua linapochomoza mpaka kama saa tatu hivi. Jioni nayo usiidharau kama kuna matete, mbayuwayu hulala humo kwa makundi.

MamaChozi:
Naunga mkono. Ila mdogo wangu hao tikisa mkia usiwapite haraka, waangalie KICHWA. Madume hubadilisha manyoya kabla ya kusafiri na huu ndo mwezi wa kuwatenganisha. Mwenye kichwa cha kijivu-bluu na nyusi nyeupe ni jamii moja, mwenye kichwa cheusi tii mpaka chini ya jicho ni jamii nyingine, na yupo ambaye hata kichwa ni cha njano. Wote ni spishi moja, Motacilla flava, ila kila jamii ina eneo lake la kuzalia huko Ulaya na Asia, kwa hiyo kwenye majani ya bwawa lako wanaweza kula pamoja ndege ambao kwao ni mbalimbali kabisa. Mimi hii kitu inanifurahisha kila mwaka. Kaa chini, jua liwe nyuma yako, wasubiri, wakikuzoea watakuja wenyewe wakifukuza wadudu na utaona hadi mpaka wa rangi shingoni.

Jani_Bichi:
Huyo mdogo wa kwenye miiba nadhani ni Phylloscopus trochilus, yule Waingereza wanamwita Willow Warbler. Angalia nyusi ya njano njano juu ya jicho, tumbo limepauka na miguu ya rangi ya kahawia iliyopauka. Ana uzito wa kama gramu 10 tu na wengine wanatoka mpaka Siberia! Halafu hubadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka, akimaliza kuzaliana na tena akiwa huku Afrika, ndege wachache sana wanafanya hivyo. Sikiliza pia, Machi wanaanza kuimba, wimbo mwororo unaoanzia juu na kuteremka. Weka Merlin, ile programu ya kutambua ndege kwa sauti, kwenye simu ikusaidie kusikia, halafu mchezee wimbo wake kwenye spika atatoka mwenyewe.

Kitwitwi:
@Jani_Bichi Merlin sawa, japo uthibitishe kwa macho, programu nayo hukosea. Ila kumchezea wimbo hapana. Sasa hivi ndege huyo kazi yake ni kula aweke mafuta mwilini ya kuvukia jangwa, ukimfanya ahangaike kumtafuta mpinzani asiyekuwepo unamlia muda wake wa kula. Msubirini tu jamani.

Jani_Bichi:
Hoja imeeleweka mkuu, wimbo tuuache.

Kando_ya_Bwawa:
Asanteni sana, kesho naanza na daftari. Kuna kitu kinanisumbua, huku karibu na Ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, sasa wanajuaje kwamba huko kaskazini baridi inaisha?

MamaChozi:
Wana saa ya mwaka mzima ndani ya mwili. Wanasayansi waliwahi kufuga ndege wahamiaji ndani kwa urefu wa mchana usiobadilika na bado msimu ukifika wakaanza kuhangaika usiku, muda ule ule ambao wenzao wa porini wanasafiri. Wadogo wengi husafiri usiku, hivyo jioni unaweza kuwaacha kichakani na asubuhi ukakuta hakuna mtu. Korongo weupe na tai wao ni mchana maana wanategemea hewa ya moto ipandayo, kuanzia kama saa nne jua likishachoma tazama juu pia.

Kitwitwi:
Na Aprili usiache kwenda ukidhani wameisha. Kagua vilele vya miiba umtafute mbwigu dume mwenye kichwa cha kijivu, kitambaa cheusi machoni na mgongo wa kahawia nyekundu, hao wakirudi kaskazini hupita upande wetu wa mashariki mwa Afrika, na wengi ni mwisho wa Machi na Aprili. Keremkerem nao utawasikia juu kabla hujawaona. Ukipata idadi weka hapa na tarehe, nami nitaweka za kwangu tulinganishe.