Marsabit, Kulal au Mathews: mlima upi wa jangwani kaskazini mwa Kenya?

Binti wa Tanga: Wakuu, hamjambo. Mimi na mume wangu tunapanga kwenda kaskazini mwa Kenya mwezi wa Septemba. Tunataka milima inayoota katikati ya jangwa, na wanyama tukiwapata. Muda unatosha sehemu moja tu. Tuchague wapi?

Msafiri wa Isiolo: Karibu sana dada. Chukua Marsabit. Lami inatoka Isiolo hadi Moyale, kwa hiyo mpaka mjini gari lolote linafika. Unavuka jangwa la Kaisut, vumbi na michongoma tu, kisha unapanda na kuingia kwenye ukungu na miti mirefu yenye ndevu za kuvumwani. Mlima ni volkano ya zamani, na mashimo yake wenyeji huyaita gof. Katika Gof Sokorte Guda ndimo lilimo Ziwa Paradise, ndovu na nyati hushuka kunywa humo. Tandala mkubwa pia yupo. Huko ndiko alikoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ambaye Mzee Jomo Kenyatta aliamuru alindwe mwaka 1970. Alikufa 1974, na mifupa yake iko makumbusho ya Nairobi.

Mpenda Upepo: Naheshimu maoni ya mwenzangu, lakini msitu wa Marsabit ni mnene. Unaweza kushinda humo ukaona mavi ya ndovu tu, na mwaka wa ukame ziwa lenyewe hukauka. Kwa mandhari hakuna kama Kulal. Kilele kina mita 2,285, na chini yake ni Ziwa Turkana, karibu mita 1,900 kwenda chini, katikati yote ni mawe meusi ya volkano. Juu kuna msitu unaoishi kwa ukungu, na korongo refu limeupasua mlima karibu vipande viwili. Ukisimama ukingoni asubuhi unaona ziwa la kijani magharibi, na ukigeukia mashariki ni weupe wa jangwa la Chalbi. Upepo unaoteremka usiku hadi Loiyangalani, mji ulio kando ya ziwa, unaweza kung'oa hema, fungeni kamba kwenye mawe. Wanyama wakubwa usiwategemee. Mamba wako ziwani, na ndege ni wengi.

Naserian: Mbona hakuna aliyetaja Mathews? Sisi Wasamburu tunaiita Ol Doinyo Lenkiyio. Hapa mnatembea kwa miguu na vijana wetu wanaojua kila kijito. Kuna mbega, kuna kima wa De Brazza, na ile mimea ya kale inayofanana na mnazi mfupi. Bondeni, katika hifadhi ya jamii ya Namunyak, mtaona twiga wa madoa makubwa, choroa na swala twiga, na katika kituo cha Reteti mtawaona yatima wa ndovu wakinyweshwa maziwa. Kituo hicho kilianza 2016 na walezi ni watu wa hapahapa. Pesa ya mgeni naiona ikibaki kijijini, ndiyo maana napasema kwa moyo wote. Msiingie msituni bila askari wa jamii, nyati wa huku hawana simile.

Binti wa Tanga: Asanteni sana. Kulal imenishika kabisa. Gari letu ni dogo, la chini. Tutaweza?

Mpenda Upepo: Kwa hilo, hapana. Barabara ya Laisamis kuelekea mitambo ya umeme wa upepo ilitengenezwa ili kupitisha mapanga yake, ila ukikaribia ziwa mawe yanakata tairi, na kupanda hadi Gatab, kijiji cha juu Kulal, kunataka 4x4. Liacheni gari Marsabit mjini, mkodi lenye dereva wa huko na tairi mbili za akiba. Chalbi Septemba huwa kavu. Mvua ikinyesha hata kidogo, zungukeni, tope lake humeza magari.

Msafiri wa Isiolo: Basi dada, mkiwa Marsabit kungoja gari, ingieni hifadhini alfajiri, na mfike visima vya Ulanula ambako Waborana huchota maji wakiimba. Hali ya usalama ulizeni polisi wa Laisamis na wa Marsabit siku hiyohiyo ya kuondoka. Na mbebe masweta, usiku mlimani ni baridi kweli.

Naserian: Na mkirudi kusini, hata nusu siku Reteti. Tutawapokea.