Nimechoka kujifanya shabiki wa Arsenal. Ni mimi tu?

Daftari96: Assalamu alaykum wenzangu. Nina miaka 27, nauza spea za magari Mwembe Tayari, Mombasa. Dukani tuko wanne. Asubuhi ni mpira, mchana ni mikeka ya kubeti, jioni ni nani kaposti nini TikTok. Mimi vyote vitatu havinipandi. Mwaka jana nikaogopa kuonekana najitenga, nikanunua jezi ya Arsenal, nikakariri majina ya wachezaji. Siku moja nikashangilia bao la marudio, mechi yenyewe ilichezwa jana yake! Walicheka hadi mteja akasahau chenji yake.

Ninachopenda ni meli. Jumapili nakaa ufukweni Mama Ngina, naandika zinazoingia bandari ya Kilindini. Ikishapita, unasoma tezini, yaani nyuma ya meli, jina na bandari iliyosajiliwa: Panama, Monrovia, Majuro. Nimefika 312. Daftari lenyewe hakuna aliyewahi kuliona.

Siku hizi usingizi wa taabu, na Jumapili jioni kifua kinabana. Huu ni ugonjwa au ndivyo nilivyo?

MamaKibokoni: Waalaykum salaam mwanangu. Kifua kinabana Jumapili jioni, kesho yake ni duka. Basi hizo meli hazina kosa. Ile jezi mpe mtoto wa jirani. Na usingizi ukizidi kukataa, hospitali ya Port Reitz wana kitengo cha afya ya akili. Usingoje mpaka uokote makopo ndipo uende.

Msomaji_Tudor: Kuna mwanaanthropolojia Mmarekani, William Dressler, alilichunguza jambo hili Brazil. Kwanza aliwauliza watu wenyewe maisha mazuri ni yapi, kisha akapima kila mmoja yuko karibu nayo kiasi gani. Waliokuwa mbali nayo ndio waliokuwa na presha ya juu zaidi na dalili za sonona. Lakini kaka, wengi wao maisha hayo waliyataka, uwezo ndio hawakuwa nao. Wewe huyataki. Kinachokumaliza naona ni ule uigizaji wa kutwa nzima.

Likoni_Ng'ambo: Yaani 312 peke yako? Mimi nahesabu upande huu wa feri tangu 2019, mke wangu anadhani naangalia samaki. Ile ya kijani ya Jumanne alfajiri uliipata?

Daftari96: Jumanne nilikuwa nafungua duka. Imesajiliwa wapi?