Kaka anataka ninunue viazi kwa lumbesa, mimi nataka kuishi kwa kumcha Mungu. Naomba ushauri

Kijana_wa_Njombe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wengine wote, habari za muda huu.

Naomba ushauri, hasa kwa mlio kwenye biashara ya mazao. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Kanisomesha, na msimu huu ananikabidhi kazi yake ya kununua viazi mviringo vijijini na kuvipeleka Dar, soko la Mabibo. Mtaji wake, magunia yake, dalali wake. Mimi nitakaa shambani na wapakiaji, nilipe wakulima, nipakie Fuso. Wakulima wa Uwemba wameshaanza kunipigia simu.

Shida yangu ni lumbesa. Kwa asiyeijua: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu badala ya kushonwa linaongezewa wavu juu. Mpakiaji anavisukuma viazi kwa goti, anavipanga vya pembeni kwa mkono kimoja kimoja visidondoke, anaendelea kupandisha. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Hilo ukilipandisha kwenye mzani linafika 130, na mengine yanazidi hapo. Mkulima analipwa gunia moja.

Nilimwomba kaka tununue kwa kilo. Alinijibu kwa upole tu: "Mdogo wangu, mkulima gunia analiona na bei anaitaja mwenyewe. Hujamwibia mtu. Ukienda na mzani utarudi na gari tupu."

Kaka si mtu mbaya. Ni mzee wa kanisa, fungu la kumi anatoa, na nyumbani kwake sala ya jioni haikosi. Hapo ndipo nimekwama. Tangu nimeokoka, Mithali 11:1 haitoki kichwani: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Nikilikumbuka gunia lile nakosa amani.

Mkulima akikubali kwa kinywa chake, bado ni dhuluma? Nikikataa, nitakuwa nimemvunjia heshima aliyenilea? Na je, yupo mtu anayenunua viazi kwa kilo na maisha yanaenda?

Mzigo_Mabibo

Mkuu, niko kwenye mazao muda mrefu, nikuambie ukweli. Lumbesa haikuletwa na roho mbaya ya wanunuzi. Ushuru unatozwa kwa gunia. Gari linalipiwa kwa gunia, kuli kwa gunia, dalali naye kamisheni yake ni kwa gunia. Njia nzima watu wanahesabu magunia, hakuna anayeuliza kilo. Atakayefunga kilo 100 anayalipia yote hayo zaidi kwa mzigo uleule, halafu akifika sokoni anakuta jirani yake ana gunia kubwa na mteja anakwenda kwa jirani. Halafu bei ya lumbesa si bei ya gunia dogo, mkulima analijua hilo.

Dhamiri yako naiheshimu kabisa. Ila usimhesabu kaka yako kuwa mwizi, maana mfumo kaukuta.

Mama_Matamba

Kamwene mwanangu. Mimi nalima viazi huku Makete, nisikilize mimi niliye upande wa pili wa gunia.

Hilo la kusema tunakubali wenyewe, ngoja nilieleze. Kiazi kikishachimbwa hakisubiri. Kikipigwa na jua kinageuka kijani, hapo hakuna wa kukinunua. Mnunuzi anajua. Anafika jioni, viazi viko chini, mtoto amerudishwa shule kwa ada, dukani nina deni la mbolea. Gunia limejaa, mimi naliona limejaa, yeye anasema "mama, hili bado", anamwita mpakiaji aongeze debe. Nikisema hapana, anamwambia dereva awashe gari. Huko ndiko kukubali kwetu.

Sasa piga hesabu na mimi. Nimeuza magunia 50 ya kilo 130. Hizo ni kilo 6,500, yaani magunia 65 ya halali. Nimelipwa 50. Kilo 1,500 zimekwenda na gari, na ndiyo mbolea yangu ya msimu ujao. Aliyesema bei ya lumbesa ni kubwa kidogo, sawa, ni kubwa kidogo. Kufikia hayo magunia 15 haifiki.

Na vijana wanaoyabeba hayo magunia mgongoni kwenda juu ya gari kwa ubao, na wenyewe ni watoto wa watu.

Mwinjilisti_Mstaafu

Mama amelijibu swali la kwanza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mimi naongeza la Neno.

Wakristo wengi tukisikia kumcha Mungu tunawaza ibada, mavazi, kufunga, kuacha pombe. Soma Walawi 25, kuanzia mstari wa 14. Pale Mungu anaongea na watu wanaouziana na kununuliana. Anawakataza kupunjana, na mstari wa 17, papo hapo, anawaambia wamche yeye. Hofu ya Mungu imewekwa mahali pa kupatana bei.

Halafu nenda Nehemia 5. Maliwali, yaani watawala, waliomtangulia waliwalemea watu, wakachukua kwao chakula na divai na shekeli 40 za fedha. Ilikuwa desturi ya cheo, na watu walishazoea. Nehemia anasema yeye hakufanya hivyo kwa sababu ya kumcha Mungu. Hakusubiri mfumo ubadilike ndipo aanze. Ndugu wa Mabibo, hoja yako ya mfumo ni ya kweli, na hata Nehemia aliukuta mfumo.

Lakini kijana, usije ukadhani kazi yenyewe ni dhambi. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji, Luka 3, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Na kwako kilichoamriwa kimeandikwa, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340.

Kuhusu kaka. Paulo anamwambia Timotheo, "Usimkemee mzee, bali umwonye kama baba." Usilipeleke jambo hili kwa mchungaji, wala kwenye maombi ya jumuiya, kabla hujakaa naye wawili tu. Neno "unaiba" lisitoke kinywani mwako. Mshukuru kwanza kwa alivyokulea, na ushukuru kweli. Kisha mwambie unachokiogopa ni Mungu, si hasara. Na jambo moja naliona vijana wengi hulikosea: usinunue kwa kilo kwa siri kwa mtaji wake huku unamletea hesabu nyingine. Huko ni kukimbia hila moja ukaangukia nyingine.

Kinangop_Farmer

Shalom kutoka Nyandarua, Kenya. Sisi huku kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisipite kilo 50. Bado mabroka wengine huja na mifuko mikubwa, lakini ikiwa kijiji kizima kimekataa, broka anapima kilo 50 na anabeba. Mkulima akiwa peke yake hapo ndipo anashindwa. Ndugu, usiongee na mkulima mmoja, ongea na kikundi.

Uyole_kwa_Kilo

Swali la tatu ni langu. Nanunua kwa kilo, watoto wanasoma, tunakula. Ila si rahisi, asikudanganye mtu.

Tafuta mzani wa jukwaa, uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Uhakiki unarudiwa kila mwaka, na ofisi zao ziko mikoani, Njombe ikiwemo. Stika iwe inaonekana, wakulima wataiangalia. Shambani tafuta pa kuuweka palipo sawa, beba ubao wa kuweka chini yake, udongo wa viazi ni laini na mzani ukiinama unadanganya. Kabla ya kuanza, mwambie mkulima alete mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, aupime mwenyewe. Akiona 50, maneno yamekwisha. Toa uzito wa gunia tupu mbele yake, na namba aandike yeye, wewe uandike yako.

Gari usilipie kwa gunia. Kodi Fuso nzima au patana kwa tani, hapo ile hoja ya usafiri inapungua sana. Ushuru na kuli utalipa zaidi, hilo kubali.

Wateja ndio kazi. Sokoni kwa jumla utasumbuka, kwa hiyo tafuta wakaanga chipsi, hoteli, shule za bweni. Hao wananunua kwa kilo na wanataka kiazi kilichochambuliwa, kisicho na udongo wala kijani. Faida yangu kwa safari ni ndogo kuliko ya mwenye lumbesa. Ila viazi vikiadimika, mimi napigiwa simu kwanza.

Na hapa kwetu korosho inapimwa kwa kilo, kahawa kwa kilo. Sioni kwa nini kiazi tukipime kwa macho.

Kijana_wa_Njombe

Asanteni sana, sana. Mama Matamba, ujumbe wako nimemsomea kaka kama ulivyo. Alinyamaza muda mrefu.

Hajakubali yote. Amesema safari ya kwanza nusu ya gari ninunue kwa kilo, nusu nyingine kwa lumbesa kama kawaida, na hasara ya nusu yangu ikatwe kwenye ujira wangu. Hilo la ujira nimelikubali. Lakini nusu nyingine nitaisimamia mimi huyo huyo, kwa wakulima wale wale. Hapo nifanyeje?

Mwinjilisti_Mstaafu

Mrudie, kwa adabu ile ile. Mwombe nusu ya lumbesa aisimamie kiongozi wa wapakiaji wake, alipe yeye, aandike yeye. Mwambie hutamzuia kwenye mali yake, ila mkono wako usiwe hapo. Kaka aliyenyamaza muda mrefu ni mtu wa kusubiriwa. Akikataa kabisa, iache safari hii, umwombe kazi nyingine kwake, hata ya shambani.

Mzigo_Mabibo

Nakubaliana na mzee. Na hiyo nusu ya kilo usiipeleke kwa dalali, itaozea pale. Kuna wakaanga chipsi huku Ubungo na Sinza wanaonisumbua kila wiki niwapatie viazi vya kupimwa. Nitumie ujumbe ukishajua siku ya kupakia, na useme ni tani ngapi.