Vipengele na kanuni za usanifu: mnavitofautishaje mnapochambua picha?

Kalamu_HB:
Wakuu, habari zenu. Nasoma utangulizi wa sanaa na insia. Vipengele nimeshavikariri: mstari, umbo bapa, umbo la ujazo, nafasi, rangi, toni na mguso (uso wa kitu ulivyo: laini au wenye mikwaruzo). Kanuni pia: mizani, mkazo, mdundo, uwiano, utofauti, umoja. Nikiwekewa picha mbele yangu, vyote vinachanganyika. Zoezi ni kuchambua *Karamu ya Mwisho* ya Leonardo da Vinci kwa maneno 500, na kila nikiandika naishia "rangi ni nzuri, kuna mizani". Naanzia wapi? Na toni ina tofauti gani na rangi?

FundiMichoro:
Kipengele ni malighafi; kanuni ni jinsi malighafi ilivyopangwa. Jipime hivi: ukiweza kukigusa kwa kidole kwenye picha, ni kipengele. Ukilazimika kulinganisha vitu viwili au zaidi ndipo ukione, ni kanuni. Boriti ya dari unaigusa. Mizani utaigusa wapi?

Chapisha nakala ya picha hiyo, chukua rula na penseli. Refusha mistari ya dari, kisha kingo za juu za vitambaa vilivyotundikwa kwenye kuta za pembeni. Itakutana kichwani mwa Yesu. Hapo tayari una kipengele (mstari) kinachozaa kanuni (mkazo). Sasa hesabu mitume: 12, wamekaa watatu watatu, makundi mawili kila upande. Hiyo ni mizani, na kwa sababu makundi yanarudiwa ilhali mikono na vichwa vinabadilika, ni mdundo pia. Yesu amekaa kama pembetatu, hajaegemea mtu, na dirisha lenye mwanga liko nyuma yake.

Kila sentensi ya uchambuzi ijibu maswali matatu: naona nini, kiko wapi, kinafanya kazi gani. "Kuna mizani" haijibu hata moja. Maneno "nzuri", "ya kuvutia" na "ya kipekee" yafute yote kabla ya kuwasilisha. Kitakachobaki ndicho ulichokiona kweli.

Rangi_Tatu:
Nijibu la toni. Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa sanaa Mmarekani, mwanzoni mwa karne ya 20 aliipima rangi kwa pande tatu: jina lake (nyekundu, buluu), weupe au weusi wake, na ukali wake, yaani imekolea au imefifia. Toni ni huo upande wa pili peke yake. Nyekundu na kijani zinaweza kuwa na toni moja kabisa. Zipige picha kwa simu, ondoa rangi kwenye mipangilio, utaziona zimekuwa kijivu kilekile. Ndiyo sababu maandishi mekundu juu ya kijani huumiza macho: majina ya rangi yanapingana, toni hazipingani, na jicho husoma kingo kwa toni.

Kukariri hakutoshi, chora ngazi ya toni. Ukanda wa sentimita 18, miraba 9 ya sentimita 2. Wa kwanza uache mweupe. Wa tisa uujaze kwa penseli ya 6B (laini na nyeusi kuliko HB) hadi uwe mweusi kadiri karatasi inavyoweza kubeba. Kisha jaza wa 5, halafu wa 3 na wa 7, ndipo waliobaki. Wanaoanza kushoto kwenda kulia hukandamiza mapema, wakifika wa sita weusi umeshaisha na miraba ya mwisho yote inafanana. HB peke yake haitakufikisha kwenye weusi. Na usizungushie miraba mstari mzito, kwa sababu mstari huo unalizuia jicho kulinganisha toni mbili zinazopakana.

Wa rangi za maji na mafuta: kutia rangi nyeusi kwenye njano ili iwe na kivuli huigeuza kijani cha matope. Tia zambarau kidogo, au kahawia.

NjeYaFremu:
FundiMichoro, kipimo cha kidole kinafaa ila kina shimo: nafasi. Nayo ni kipengele, lakini huigusi, unagusa kilichopo kando yake. Tazama *Wimbi Kuu* la Hokusai, msanii wa Japani, chapa ya mbao ya miaka ya 1830 hivi. Mlima Fuji ni kilima kidogo chini ya wimbi, na kinachomweleza mtazamaji kwamba uko mbali ni ukubwa wake kando ya wimbi pamoja na ule uwazi uliopo kati yao. Ukitaka kuiona nafasi, chora uwazi wenyewe, uviache vitu vitokee vyenyewe.

Hata rangi haikai peke yake. Mkemia Michel Eugène Chevreul alisimamia idara ya rangi katika karakana ya vitambaa ya Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Akakuta tatizo haliko kwenye rangi ya nyuzi bali kwenye rangi zilizo jirani nazo, akalichapishia kitabu mwaka 1839. Kwa hiyo usiandike "nyeusi hafifu" kabla hujaangalia imezungukwa na nini.

FundiMichoro:
Nakubali. Kidole ni cha kuanzia tu.

Kalamu_HB:
Nimeelewa sana. Historia je? Mwalimu anataka "muktadha" na nahofia utameza maneno yote 500.

NjeYaFremu:
Picha yenyewe kwanza, takriban maneno 350. Historia iingie pale tu inapoeleza kitu kinachoonekana. Picha hiyo iko ukutani kwenye ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie, Milan, ilichorwa kati ya takriban 1495 na 1498. Ndiyo maana dari na kuta zilizochorwa zinaonekana kama mwendelezo wa chumba chenyewe. Taja pia ukubwa: karibu mita 4.6 kwa 8.8. Kwenye kioo cha simu uwiano wake na mwili wa mtazamaji unapotea.

Na jihadhari usichambue uharibifu ukidhani ni mtindo. Leonardo alipaka juu ya ukuta mkavu badala ya lipu mbichi, rangi haikushikana na ukuta, ikaanza kubanduka akiwa bado hai. Kingo zenye ukungu si zote "ulaini wa mwanga". Na lile pengo chini katikati si nafasi aliyoikusudia: ni mlango uliotobolewa mwaka 1652, ukaondoka na miguu ya Yesu.