Shuto inanitia ganzi vidole viwili, nakosea wapi?

FundiMoro
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro, mwanamke wa miaka 36. Nina miezi mitatu kwenye karate, mtindo wa Shotokan. Ngumi ya kawaida na mateke nakwenda nayo mdogo mdogo, ila shuto, lile pigo la ubavu wa kiganja, imenishinda. Mwalimu alisema mkono uwe panga, basi nami naupiga kama panga kwelikweli. Nyumbani nimefunga tairi la pikipiki kwenye mwembe, kila asubuhi mara 50 kabla sijawasha pasi ya mkaa.

Wiki hii kidole cha mwisho na cha pete vimeanza kufa ganzi. Jana napinda suruali ya bwana harusi, sindano ikanidondoka mara mbili. Mwalimu kasafiri hadi mwisho wa mwezi. Wenzangu wanasema mkono unakomaa tu, nivumilie. Nivumilie?

KichwaNgumu
Dada, tairi la watu limekukosea nini? Sisi tulianza na matofali. Kaza.

Sempai_Tanga
Usikaze. Acha kupiga kuanzia leo.

Vidole hivyo viwili vimeshanionyesha unapogongea. Geuza kiganja juu, papasa chini kabisa upande wa kidole kidogo, karibu na kifundo cha mkono. Kuna kimfupa cha mviringo kama punje ya njegere. Pembeni yake unapita mshipa wa fahamu unaokwenda kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Ni uleule ambao ukijigonga kiwiko mlangoni unapigwa shoti. Sasa wewe unauponda mara 50 kila siku.

Shuto inapiga kwa minofu, ile iliyo kati ya shina la kidole kidogo na hicho kimfupa. Ni sehemu fupi. Ukisogea chini unaponda mshipa, ukipanda juu unavunja kidole. Vidole vinne vibane, gumba likunjwe ubavuni lisichungulie, na kiganja kinyooke na mkono kama rula yako ya kukatia. Kifundo kikipinda, hicho kimfupa ndicho kinachotangulia kufika.

Halafu hilo neno panga limekuponza, maana unapasua kuni, mkono unashuka kutoka juu kwa nguvu ya bega. Shuto ya shingo inatokea sikioni. Kiwiko kinatangulia, na mwishoni kabisa ndipo mkono unageuka, kiganja kikatazama juu, kama unazungusha ufunguo. Ukigeuza mapema unafika umeshalegea. Mkono wa pili unavutwa kiunoni wakati huohuo, ndiyo hikite, na kiuno kinazunguka nao. Bega halina kazi kubwa hapo.

Usichanganye na zile shuto nne za mwisho wa Heian Shodan, kata ile ya wanaoanza (mfululizo wa miondoko iliyopangwa). Zile ni za kuzuia, mkono unatokea sikio la upande wa pili.

FundiMoro
Sempai, nimepapasa hiyo njegere nikaruka. Ni hapohapo, na ngozi yake imekuwa nyeusi. Nimejitazama kwenye kioo cha wateja: kifundo kimepinda kama shingo ya bata. Kumbe mwalimu alikuwa ananigonga mgongo wa mkono kila mara, mimi nikadhani ananitania. Sasa tairi nilitupe?

Sempai_Tanga
Libaki kwenye mwembe, watoto wabembee. Wewe piga hewa tu, taratibu, mara 20 zenye umbo, mbele ya hicho kioo. Ganzi ikiisha kabisa, jaza kiroba mabaki ya vitambaa, kishindilie kiasi, uanze kwa kugusa. Ikiendelea wiki moja bila kupiga chochote, au ukiona mkono unakosa nguvu ya kushika mkasi, nenda hospitali, waeleze vidole ni vipi viwili. Usiwaambie "mkono unauma" tu, watakupa dawa ya maumivu urudi nyumbani.

KichwaNgumu
Matofali hayana mshipa lakini.

FundiMoro
@KichwaNgumu wewe hushoni, ndiyo maana. Asante sana Sempai. Mabaki ninayo viroba viwili, vitenge na lasting, nitachanganya. Leo sindano imedondoka mara moja. Suti imebaki vifungo tu, nimempa binti yangu avishike yeye.