Ikoni za programu ya duka zinawachanganya wauzaji, nibadilishe nini?

fundi_kodi
Wakuu habari za saa hizi. Natengeneza programu ya mauzo ya duka la jumla, wanaitumia kwenye tableti, pale juu nimepanga ikoni 9 bila neno hata moja maana nilitaka skrini iwe safi. Juzi nikaenda kukaa nyuma ya kaunta niangalie wanavyoitumia, aisee niliumia. Dada anayeuza kamaliza kuingiza mzigo wa mteja anatafuta pa kusevu, kidole kimepita juu ya ile disketi mara mbili hajaigusa, namuuliza hii ni nini anasema "si memori kadi hiyo?" Halafu kuna mshale uliopinda kurudi nyuma, mimi niliuweka wa kutengua kosa, yeye anajua ni mteja karudisha bidhaa. Mbaya zaidi dastibini iko jirani kabisa na disketi, wiki iliyopita wakafuta deni la mtu na hakuna aliyejua mpaka mwenyewe alipokuja kulipa. Nichore ikoni upya au?

bi_pikseli
Pole mkuu, usichore kwanza. Ile disketi ya inchi 3.5 ilikuwa inabeba MB 1.44, waliokulia kwenye kompyuta za zamani walizoea tu kwamba picha ile ndo kusevu, na huyo dada kaanzia kwenye simu, hajapita huko. Ila *150*00# ya M-Pesa anaibonyeza bila kufikiri na ile menyu ni maneno matupu, Tuma Pesa, Toa Pesa, bibi yangu kijijini anaiweza. Weka neno chini ya kila ikoni. Zikikosa nafasi ujue nyingine hazikustahili kukaa juu.

kaka_mchoro
Nakazia hapo kwa bi_pikseli. Google kwenye Material, mwongozo wao wa kusanifu programu, wanasema sehemu ya kugusa isipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini za Android), na kati ya kitufe na kitufe acha nafasi. Lakini kufuta mimi ningekutoa kabisa pale juu, kukae ndani ya ukurasa wa deni lenyewe, na ule ujumbe wa "Una uhakika? Ndiyo / Hapana" watu wanabonyeza Ndiyo bila kusoma kwa hiyo andika kitendo chenyewe kwenye kitufe, "Futa deni la 85,000" na kingine "Liache". Na hata likifutwa lisipotee, liwe linarudishika. Deni ni hela ya mtu hiyo.

nyota_k
Usije ukakimbilia kuficha kila kitu kwenye vile vimistari vitatu vya kufungulia menyu. Vipo tangu kompyuta ya Xerox Star ya 1981, Norm Cox ndo alivichora, ila mgeni hawezi kufungua asichojua kama kipo. Halafu kabla hujagusa kodi za programu, printi ikoni zako kwenye karatasi uende nazo dukani. Usimuulize "unaona nini" maana atakujibu dastibini, muulize "ukibonyeza hapa unategemea kitatokea nini?" kisha unyamaze usimsaidie.

fundi_kodi
Mrejesho wakuu. Nimeenda na karatasi leo asubuhi kabla wateja hawajajaa. Disketi nilishaitoa nikaandika "Hifadhi" nikajua nimemaliza, kumbe anaielewa tofauti kabisa, kasema "si ndo unamwekea mteja aliyeenda kufuata hela?" Yaani neno ni sahihi la Kiswahili ila dukani lina kazi nyingine! Sasa kitufe kinaitwa "Maliza mauzo", na kwa kuwa hicho alichosema wanakihitaji kila siku nimeongeza "Weka pembeni". Mshale nimeuandika "Nimekosea", kaupata papo hapo. Dastibini imehamia kwenye ukurasa wa deni. Juu zimebaki 4, zote na maneno. Ile niliyoandika "Ripoti" yeye anaita "kufunga hesabu", nabadilisha usiku huu.